Kwaya Iliyojikuna

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku alifagia saluni ya mama yake mdogo kabla jua halijafika kizingitini. Alikunja taulo, akajaza pipa maji, akapanga vitana kwenye kikapu, na muda wote huo mdomo wake haukupumzika. Alisimulia yaliyotokea shuleni, yaliyokaribia kutokea, na yale ambayo yangetokea kama mwalimu asingeingia darasani. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku, na jina lake halisi lilibaki mali ya walimu.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Kulikuwa na kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti vya plastiki, na beseni la kuoshea lililokatwa ukingo ili shingo ya mteja ilale vizuri. Mama mdogo ndiye aliyesuka. Kazi ya Chiriku ilikuwa kuosha vichwa, na aliipenda kwa sababu moja kubwa: povu. Akishika kichwa cha mtu, povu lilipanda mpaka mteja akaonekana amevaa kilemba cheupe. Wateja walimsifu kuwa ana mkono mzuri wa kuosha, naye alivimba kichwa siku nzima.

Basi mama mdogo akabadilisha shampuu. Ile ya zamani ilikuwa na salfeti, dawa inayoifanya sabuni itoe povu jingi. Alimweleza Chiriku kwamba salfeti si sumu, na wapo watu wasiodhurika nayo hata kidogo, lakini husafisha kwa pupa. Huondoa uchafu, kisha huchukua na mafuta ambayo ngozi ya kichwa inayahitaji. Wateja wake wengi walikuwa na nywele kavu zinazokatika kwenye kitana, na vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimepasuka. Shampuu mpya haikuwa na salfeti. Ilikuwa laini mkononi, na povu lake lilikuwa haba kama la maziwa yaliyotikiswa kidogo.

"Povu dogo lisikutishe," alisema mama mdogo. "Tumia ncha za vidole, si kucha. Kisha suuza vizuri. Kusuuza ndiyo nusu ya kazi."

Chiriku aliitikia, ila moyoni hakuridhika. Wateja nao hawakuridhika. Mama Mayai, aliyeuza mayai sokoni, alifungua jicho moja akauliza kama siku hizi shampuu inapimwa kwa kijiko. Mwingine alisema ameoshwa kama paka anavyojilamba. Chiriku aliona haya. Jana alikuwa na mkono, leo ameonekana mvivu. Angeweza kumwambia mama mdogo kwamba wateja wananung'unika, lakini alijua ataambiwa tena habari ya povu dogo, basi akanyamaza.

Ijumaa moja alasiri, kwaya ya akina mama wa mtaa, Mama Mayai akiwamo, ilikuja kuoshwa na kusukwa. Kesho yake wangeimba kwenye sherehe ya kuwaaga watoto wa chekechea waliokuwa wanaingia darasa la kwanza. Kiongozi wao alikuwa mshona nguo wa jirani, ambaye wote walimwita Fundi, mwanamke mwenye sauti nzito na maneno ya kuchekesha. Saluni ilijaa hadi mlangoni. Mama mdogo akashika kitana, Chiriku akashika beseni.

Fundi alikuwa wa kwanza kulaza kichwa. Alisema kesho anasimama mbele za watu, kwa hiyo leo asinyimwe povu lake. Chiriku aliitazama chupa ya shampuu. Akatazama jikoni, ambako sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ilisimama dirishani, ya kijani, yenye harufu ya ndimu. Sabuni ile ilijaza ndoo povu kwa tone tu. Akaingia jikoni kama anayefuata taulo, akaimimina kwenye chupa ya shampuu, akatikisa.

Povu likarudi. Vilemba vyeupe vikasimama kimoja baada ya kingine, na akina mama wakamsifu Chiriku mpaka akasahau kuogopa. Foleni ilikuwa ndefu, na povu lile halikukubali kutoka kwa kopo moja wala mawili, kwa hiyo akawa anasuuza nusunusu na kumwita anayefuata. Mama mdogo aliguna kwamba leo nywele zinakwaruza, akapaka mafuta, akaendelea kusuka.

Jumamosi ukumbi wa chekechea ulijaa wazazi. Kwaya ilipanda jukwaani ikiwa na sketi za kitambaa kimoja, misuko imenyooka, kila mmoja akijiona malkia. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri sana. Lakini ukumbi ulikuwa na joto, na jasho likaanza kukutana na sabuni iliyobaki chini ya misuko. Katika ubeti wa pili, Fundi aliinua mkono akajikuna juu ya sikio, akaurudisha. Mama Mayai akajikuna kisogo. Ubeti wa tatu ulipofika, mstari mzima ulikuwa unajikuna, na kwa kuwa walikuwa waimbaji kweli, walijikuna kwa kufuata mdundo.

Watoto wa chekechea, waliokaa kwenye mkeka mbele, walidhani hiyo ni sehemu ya wimbo. Mdogo wake Chiriku, aliyeitwa Kaputula kwa sababu hakukubali kuvaa kitu kingine, alisimama akajikuna kwa mikono yote miwili. Wenzake wakamfuata. Mkeka mzima ukawa unaruka na kujikuna, na wazazi wakapiga makofi huku wakifuta machozi ya kicheko. Ni Chiriku peke yake ambaye hakucheka.

Mwalimu wa chekechea naye aliacha kucheka wimbo ulipokwisha. Alikuwa amewalea watoto wengi na alikuwa ameona mengi. Akasema kwa upole kwamba kujikuna namna hiyo mara nyingi ni dalili ya chawa, na akaomba watoto wasiwasogelee akina mama wa kwaya mpaka watazamwe vichwa. Wazazi wakawavuta watoto wao. Ndipo sauti moja ikasema kutoka nyuma kwamba wote hao wamesukwa jana, mahali pamoja.

Macho yote yakamgeukia mama mdogo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, amevaa nguo nzuri aliyoiweka kwa ajili ya siku hiyo. Alijaribu kusema kwamba vitana vyake huchemshwa kila jioni, lakini minong'ono ya watu ilimfunika. Mwanamke aliyekaa karibu naye akasogeza kiti chake kando kidogo. Chiriku alikiona kiti kile kikisogea.

"Chiriku," mama mdogo alisema, "wewe ndiye unayechemsha vitana. Waambie."

Watu wakangoja. Chiriku angeweza kusema kwamba vitana vilichemshwa, na ingekuwa kweli, kisha akae chini. Lakini hapo watu wangebaki wakiamini kwamba ni chawa, na kuanzia kesho hakuna ambaye angekanyaga saluni. Akasimama.

"Si chawa," alisema. "Ni sabuni ya vyombo. Niliichanganya kwenye shampuu ili itoe povu. Halafu sikuwasuuza vizuri. Mama mdogo hakujua."

Fundi akapitisha kidole kati ya misuko yake, akakinusa.

"Ndimu," alisema. "Usiku kucha nanusa ndimu. Nikadhani mume wangu hatimaye ameosha vyombo."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na mume wa Fundi akacheka kuliko wote. Mwalimu alimpeleka Fundi dirishani penye mwanga, akatenganisha nywele kwa penseli, akatazama kwa makini. Ngozi ilikuwa nyekundu na kavu, lakini hapakuwa na chawa wala mayai yake. Akawatazama na wengine, mambo yakawa yale yale. Kisha akarudi mbele akamwomba mama mdogo radhi kwa sauti ile ile aliyotumia kutangaza. Yule mwanamke wa kiti akarudisha kiti chake mahali pake.

Mama mdogo hakumkaripia Chiriku. Alisema tu wataongea, neno ambalo mtoto yeyote anajua uzito wake. Kutoka ukumbini walikwenda moja kwa moja saluni, kwaya nzima nyuma yao. Misuko ikafumuliwa. Chiriku alisuuza kila kichwa kwa maji ya uvuguvugu mpaka maji yaliyotoka yakawa safi kama yalivyoingia, na mikono ilimuuma, na hakulalamika. Kisha akawaosha upya kwa shampuu laini, kidogo tu, kwa ncha za vidole. Wenye nywele zilizokauka zaidi, mama mdogo aliwachemshia bamia, akachuja ule utelezi, akaupoza na kuwapaka kabla ya kuchana.

Mama Mayai aliuliza kama amekuja kuoshwa au kupikwa. Lakini kitana kilipopita kwenye nywele zake bila kukwama hata mara moja, alitaka bamia zilizobaki aende nazo nyumbani. Mama mdogo aliwaambia wote kwamba atakayeendelea kuwashwa asibahatishe dawa, aende zahanati.

Wateja walipoondoka, mama mdogo na Chiriku walikaa kizingitini wakikamua taulo. Chiriku alimweleza yote, hata manung'uniko ya wateja, akaomba msamaha huku akilia. Akauliza kama ndiyo mwisho wake wa kushika beseni.

"Kilichoniuma si sabuni," mama mdogo alisema. "Ni kwamba wateja walinung'unika ukanificha. Ungeniambia, tungewaeleza pamoja, tukacheka, yakaisha. Wewe ulitaka sifa. Sifa ni tamu, mwanangu, hata mimi nazipenda. Lakini povu linakwenda na maji, bali kichwa chake mtu anarudi nacho nyumbani. Leo umesema kweli mbele ya watu wote, tena ulikuwa na njia ya kukwepa. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka kwenye beseni langu."

Chiriku alifuta machozi kwa taulo alilokwisha kulikamua. Barabarani, Kaputula na wenzake walipita wakiimba ule wimbo wa kwaya, na walipofika ubeti wa tatu wakasimama wote kujikuna. Mama mdogo alicheka mpaka taulo likamponyoka.

"Sasa sema kitu, Chiriku," alisema. "Umenyamaza mno, watu watadhani saluni imefungwa."

Chiriku akavuta pumzi, akaanza kusimulia.