Mguu Usiomkaa Happy

Ndugu zangu wa Mbekenyera, na nyie wa Chinongwe na Likunja mnaopita dukani kwangu, mnanijua. Mimi Goreti, fundi cherehani, sijui kubembeleza maneno. Leo nawaambia habari ya nyumba ya mdogo wangu kama ilivyokuwa, na pale nilipokosea mimi nitasema nimekosea. Mkitaka kunisema, subirini nimalize kwanza.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mwaka 2008. Tulikaa uani kwa mdogo wangu Teodosia tukibangua korosho, mikono tumeipaka majivu ili mafuta ya maganda yasituunguze. Binti yake Happy, mtoto wa darasa la sita, alikuwa kwenye mkeka anatuimbia nyimbo za kwaya na kutucheka tunavyokosea sauti. Siku nzuri, hata upepo ulikuwa wa kiasi.

Happy hakuwa na mguu wa kulia kuanzia chini ya goti. Mwaka 2006 aliumwa na nyoka kwenye shamba la ufuta, na tulipomfikisha hospitali mguu ulikuwa umeshaoza. Daktari alituambia tumshukuru Mungu goti limebaki. "Mwenye goti atatembea kwa mguu wa bandia, hata baiskeli ataendesha," alisema. "Goti likienda, hiyo ni habari nyingine. Lilindeni." Maneno hayo Teodosia aliyashika kama amri ya kanisani.

Basi, mwaka ule wa 2008 kijana mmoja, Seleman, alifungua duka la intaneti Nachingwea, karibu na stendi. Akamwonyesha shemeji yangu Kornel, baba yake Happy, karakana moja ya Dar es Salaam inayotengeneza miguu ya bandia. Unajaza vipimo kwenye kompyuta, unalipa, mguu unakuja na basi. Wakauza ufuta wote wa msimu. Na vipimo, nani wa kupima? Si mimi fundi! Nilimpima Happy kwa futi yangu, nikaandika kwenye daftari la vipimo, nikampa Kornel karatasi aipeleke kwa Seleman.

Sasa sikilizeni. Mafundi wote wa huku tunashona kwa inchi. Karakana ilitaka sentimita. Nikageuza futi upande wa pili, upande ambao sijawahi kuutumia tangu nianze kazi. Nilipima mara tatu, lakini sikumwambia mtu kwamba sina uhakika.

Jumamosi ile, tukiwa tunabangua, Kornel akaingia na baiskeli, boksi limefungwa nyuma. Vigelegele! Majirani wakajaa. Ndani ya boksi kulikuwa na mguu, mikanda yake, na karatasi ya njano ya karakana yenye vipimo vyao. Chini ya karatasi waliandika kwa herufi kubwa: BIDHAA ILIYOTENGENEZWA KWA KIPIMO CHA MTEJA HAIRUDISHWI.

Happy akauvaa, akasimama, akapiga hatua tatu. Watu wakapiga makofi. Hatua ya nne mguu ukageuka, kidole cha bandia kikaangalia ubavuni.

"Mama mkubwa," akaninong'oneza, "unazunguka."

Nikainama nikaingiza kidole kati ya mguu na kigutu, kile kipande kilichobaki chini ya goti. Kikaingia. Nikaingiza cha pili. Nacho kikaingia. Jamani! Mimi nakata nguo za watu miaka kumi na minane, najua kitu kisichomkaa mtu. Nikajua pia watauliza nani alipima.

Nikamwambia, "Utazoea, mwanangu."

Neno hilo nimelijutia kuliko maneno yote niliyowahi kusema.

Watu walipoondoka, Teodosia akasema, "Baba Happy, tuwapigie simu. Mguu haujamkaa mtoto."

"Tuwaambie nini? Hukusoma pale? Hairudishwi!" Kornel alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa. "Watasema tumewapa kipimo cha uongo. Wale watu wa Dar, mama, wana wanasheria. Tukileta maneno watatuita wakorofi, watuburuze mahakamani. Mimi nina nini cha kuwapa?"

"Lakini kipimo alichukua dada Goreti..."

Wote wawili wakanigeukia. Mimi nikajifunga kitenge nikaaga. Nilirudi dukani, nikalichukua daftari la vipimo, na badala ya kulifungua nikalisukuma chini ya majora ya vitambaa. Niliogopa kusoma mwandiko wangu mwenyewe. Mtu mzima!

Kornel akaona alimalize mwenyewe. Alikata ngozi ya mbuzi, akaibandika ndani ya mguu ili upungue upana. Kisha, kwa kuogopa jasho lisiiozeshe ngozi, akafanya jambo ambalo mwanaume wa huku tu ndiye angelifikiria: akaipaka mafuta ya maganda ya korosho. Si ndiyo tunayopaka nguzo za nyumba mchwa wasizile? Akaianika juani siku mbili hadi ikawa nyeusi, kavu, akanyunyiza majivu. Akaigusa kwa kiganja. "Yameshakauka, hayaumi tena," akasema. Na kweli, kwenye kiganja hayakuuma.

Happy akaanza kwenda shule kwa miguu miwili. Kijiji kizima kilimsifu. Kila nikimuuliza anajibu, "Unanikaa, mama mkubwa." Mtoto alijikaza kisabuni. Aliujua ufuta uliouzwa, alimsikia baba yake akiogopa, na mimi nilishamwambia atazoea. Angesema nini?

Wiki ya tatu akaja dukani nimpime sketi ya shule. Nikapiga goti mbele yake na futi mkononi. Nikasikia harufu.

"Happy, vua mguu."

"Mama mkubwa, nachelewa..."

"Vua!"

Hakuweza kuuvua. Nilifungua mikanda nikavuta taratibu, akapiga yowe ambalo mpaka leo nalisikia. Joto la mwili lilikuwa limeyalainisha yale mafuta, na ngozi ya mbuzi ilikuwa imegandana na ngozi ya mtoto. Kigutu kilikuwa malengelenge yaliyopasuka, nyama nyekundu na usaha. Nikamshika paji la uso, anachemka. Nikakaa chini palepale kwenye vipande vya vitambaa nikaita watu.

Tulimpakia kwenye lori la mbao hadi hospitali ya misheni. Kornel alimpakata njia nzima. Sista Dorotea, muuguzi wa zamu, alipoiona ngozi ile nyeusi alituangalia mmoja mmoja.

"Nani kapaka hii?"

"Mimi, Sista," Kornel akajibu kwa sauti ndogo.

Daktari alitutoa nje. Alipotufuata hakuzungusha maneno. Uchafu umeingia kwenye damu, wekundu unapanda. Akachukua kalamu ya wino, akachora mstari kwenye mguu wa Happy, chini kidogo ya goti. "Tunampa dawa. Wekundu ukiuvuka mstari huu, nitakata juu ya goti. Sitasubiri, nikisubiri atakufa."

Enyi mnaosoma, mmewahi kuuangalia mstari wa kalamu siku nzima? Sisi tuliuangalia. Asubuhi wekundu ulikuwa mbali na mstari kwa vidole vinne. Mchana vitatu. Teodosia alikuwa anapima kwa vidole vyake, anarudia, kama vitaongezeka akipima vizuri. Kornel alikaa ukutani, akasema kitu kimoja tu: "Nimemuunguza mwanangu kwa mikono yangu." Nami nikawa nasema moyoni, hapana shemeji, ni mimi.

Sista Dorotea alikuja kubadilisha bandeji. "Mguu wenyewe ulikuwa na shida gani mpaka mkaubandika ngozi?"

"Ulikuwa mpana, Sista," Teodosia akasema.

"Kwa nini hamkuurudisha?"

"Waliandika haurudishwi."

Sista akasimama wima. "Ebo! Haurudishwi kama umebadili mawazo, au kama kipimo ulichotoa wewe kilikuwa kibaya. Lakini kama ulitoa kipimo sahihi na wao wakatengeneza kingine, hawajakupa ulichonunua! Wanatakiwa warekebishe au wakurudishie hela yako. Maandishi ya kwenye karatasi hayafuti haki hiyo." Akatutazama. "Mlitoa kipimo gani?"

Teodosia na Kornel wakanitazama mimi. Sasa sikuwa na pa kukimbilia.

"Kiko kwenye daftari langu," nikasema. "Sijalifungua."

Nikapanda lori kurudi Mbekenyera. Vidole vilikuwa viwili nilipoondoka. Njia nzima nilikuwa nimekunja vidole viwili kwenye kitenge, siviachii. Nilipofika nilipitia kwa Teodosia, nikachukua karatasi ya njano kwenye boksi, na kwenye kopo analoweka kadi za kliniki nikatoa nakala ya barua pepe aliyotupigia chapa Seleman siku ile ya kuagiza. Kisha dukani. Nikatoa majora yote sakafuni. Nikaliweka daftari juu ya meza ya cherehani, nikafanya ishara ya msalaba, nikafungua.

Mzunguko wa kigutu, sentimita 26.

Nakala ya Seleman: 26.

Karatasi ya njano ya karakana: 29.

Nikasoma tena. Nikachukua futi nikaangalia, nikasoma tena. Sikukosea! Mtu angedhani nitaruka kwa furaha. Sikuruka, ndugu zangu. Nililia mpaka kamasi zikanitoka, kwa sababu daftari lile lilikuwa chini ya vitambaa wiki tatu. Ningelifungua Jumamosi ile ile, mtoto asingeguswa na mafuta yoyote. Mguu ungerudi kwenye boksi ukiwa mzima, na Happy angeendelea kutuimbia kwenye mkeka.

Nilirudi hospitali siku iliyofuata saa nne asubuhi. Pale kwenye korido nilisimama nisiingie. Nilimwona Teodosia amesimama mlangoni, mkono juu. Alikuwa ananyoosha kidole kimoja.

"Kimoja, dada," akasema. "Tangu jana jioni kimoja. Umesimama."

Ulisimama kweli. Siku ya nne wekundu ukaanza kushuka, na goti la Happy likabaki mahali pake. Kornel alitoka nje akaenda nyuma ya jiko la hospitali akalia peke yake. Tukamwacha.

Barua tuliandika na Sista, Seleman akaituma pamoja na picha za karatasi zote tatu. Karakana ikajibu kwa mstari mmoja: hairudishwi, na zaidi mmeiharibu wenyewe kwa mafuta. Zamani Kornel angefyata mkia hapo. Safari hii alimwambia Seleman, "Andika. Kupaka nilikosea, nakiri, na adhabu yake nimeiona. Lakini 29 mliiandika nyie kabla mafuta yangu hayajaufikia mguu. Naomba mnijibu hilo tu." Wiki mbili kimya. Teodosia akasema, andika tena. Wakaandika tena. Ndipo simu ikaja: wanatengeneza mwingine bila malipo, na fundi wao atakuja mwenyewe kumvalisha mtoto.

Fundi alikuja Novemba, palepale hospitali ya misheni, kidonda kimeshafunga. Kijana mpole, jina lake Ivan. Alimpima Happy upya mbele yetu, akanionyesha namba, nikaandika. Kisha akamvalisha. Happy akasimama. Akatembea mpaka dirishani akarudi, na mguu haukuzunguka. Lakini mimi nilimwona ameuma midomo.

"Unaonaje?" Ivan akauliza.

Happy akamtazama baba yake. Akamtazama mama yake. Akanitazama mimi, na nikaogopa, nikaogopa kuliko siku ya mstari wa kalamu, kwa sababu nilijua jibu gani tulimfundisha.

"Sema kweli, mwanangu," Kornel akamwambia. "Hata tukikaa hapa mpaka Krismasi. Sema."

Happy akaweka kidole pembeni ya kigutu. "Hapa," akasema. "Hapa panagusa."

Ivan akauvua mguu, akatoa tupa, akaanza kusugua. Teodosia akapiga kigelegele kilichowaamsha wagonjwa, na Sista Dorotea hakumkemea.

FUNZO

Ndugu zangu, kitu kilichotengenezwa kwa mwili wako kinatakiwa kiukae mwili wako. Uwe umekinunua kwenye kompyuta, kwa simu, au kwangu mimi hapa Mbekenyera. Kisipokukaa, kivue siku ile ile, usikitumie wala kukichokonoa, kisha sema. Ukianza kukata na kupaka, unampa muuzaji kisingizio, na unaweza kuumia kama tulivyoumia sisi. Tunza karatasi ya oda, ile ya kwako na ile yao, na kipimo chako kiandike mahali unapopajua. Neno "hairudishwi" lisikutie hofu. Linganisha namba kwanza. Kama kosa ni lao ni lao, na kudai haki yako si ukorofi.

Na wewe uliyepima, au uliyesaidia kuagiza, ukiogopa kwamba umekosea, fungua daftari. Usilifiche kama mimi.

Zaidi ya yote, mtoto akikwambia kitu kinamuumiza, usimwambie atazoea. Dukani kwangu sasa kila mteja namuuliza mara mbili kama panambana, na akiniambia "hapana, iko sawa" haraka haraka, namwambia akae, avae tena, anionyeshe.