Aliyemnyamazisha Babu

Kila siku baada ya shule, Chiriku alipitia zahanati kumsubiri shangazi yake. Jina hilo alipewa na babu, kwa sababu hakuishiwa maneno. Hata kula alikula akiongea. Lakini tangu babu afariki, maneno yalikuwa yamemkauka. Watu wa nyumbani walisema ni huzuni tu, itapita.

Shangazi alikuwa fundi wa kompyuta hapo zahanati, kazi aliyoirithi kwa babu. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na baridi, na seva, kompyuta kuu ya zahanati, ilivuma mchana kutwa kama mtu anayeguna usingizini. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, bado lilining'inia koti la babu, mabega yake yametuna kana kwamba kuna mtu ndani. Mwanzoni Chiriku alikaa akiligeuzia mgongo. Baadaye aligundua kwamba kuligeuzia mgongo ndiko kubaya zaidi.

Wiki hiyo shangazi alikuwa akizipanga mashine zote za zahanati zilete ujumbe wao kwenye seva moja. Alimwonyesha Chiriku faili la mipangilio.

"Hili ni kama mlinzi wa getini," alisema. "Kila mstari unamwambia nani anasema, neno lake lina uzito gani, na alipeleke wapi. Neno la hatari, na la hatari kuisha, lije kwenye skrini yangu. La kawaida litunzwe. Na makelele ya printa ya mapokezi yatupwe kabisa, maana ile ikikosa karatasi moja inalia kama imefiwa."

Chiriku alicheka, na shangazi akafurahi kumsikia. Akamwachia auandike mstari wa printa kwa mkono wake, kisha wakaiwasha huduma ya seva upya ili mstari uanze kazi. Printa haikusikika tena.

Shangazi alipoitwa maabara, Chiriku alibaki peke yake. Ndipo neno likajiandika kwenye skrini:

*babu: mlango uko wazi*

Alisoma tena. Akageuka. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa na koti lilikuwa limetulia mahali pake. Alipoirudia skrini, neno lilelile lilikuwa limeandikwa mara nyingine.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote. Siku babu alipofariki, yeye ndiye aliyeambiwa akae kando ya kitanda mpaka shangazi arudi kutoka dukani. Babu alikuwa amelala. Nje wenzake walikuwa wakiruka kamba. Alinyata akatoka, akauacha mlango wazi ili asikie akiitwa. Hakusikia kitu. Shangazi ndiye aliyetangulia kuingia, akamkuta babu ameshakata roho. Hakuna aliyemuuliza Chiriku alikuwa wapi, na huko kutoulizwa ndiko kulikomkosesha usingizi.

*babu: mlango uko wazi*

Aliufungua ule mstari wa printa, akaunakili, akafuta jina la printa na kuandika *babu*. Akaiwasha huduma upya. Skrini ikanyamaza. Shangazi aliporudi alimkuta amefunga begi tayari kwenda nyumbani.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya chanjo, na kwa kuwa hakukuwa na shule Chiriku alikuja na shangazi asubuhi. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, watoto mapajani. Shangazi na Chiriku walikuwa hawajakaa vizuri nesi alipoingia, uso umemshuka.

"Fundi, mlango wa friji ya chanjo nimeukuta uko wazi, na joto limeanza kupanda. Sijui ni tangu saa ngapi. Kama umelala wazi, chanjo zote ni za kumwaga, na hawa kina mama niwarudishe."

Shangazi alitazama skrini yake. "Mashine inayoangalia friji ingetuambia. Lakini tangu jana haijaleta hata neno moja. Nadhani imekufa. Ni ya zamani mno, marehemu baba aliiunda kwa mikono yake. Ndiyo maana niliipa jina la babu."

Chiriku aliitazama skrini. Kumbe ni mashine. Angeweza kunyamaza; mashine hiyo ya zamani ingelaumiwa, na hakuna ambaye angejua. Kutoka barazani alimsikia mtoto mchanga akilia.

"Haijafa, shangazi," alisema. "Niliinyamazisha mimi."

Shangazi hakumgombeza. Alichukua skrini ya akiba na kwenda nayo stoo, wao wakimfuata. Juu ya rafu, kando ya friji, kisanduku chenye vumbi, ile mashine ya babu, kilikuwa kikimetameta taa yake ndogo.

"Baba hakuamini mtu wala waya," alisema akiiunganisha. "Kila neno inalotuma mashine yake, hubaki na nakala. Kwetu lilitupwa, lakini hapa lipo."

Walisoma pamoja. Jana mlango ulikuwa wazi mchana, nesi alipokuwa akipanga chanjo mpya, kisha ukafungwa. Usiku kucha ulifungwa. Ulikuwa umefunguliwa asubuhi hiyohiyo, muda mfupi tu uliopita.

"Basi ni mimi," nesi alisema, akishika kichwa. "Nilipotoa barafu, sikuusukuma vizuri. Chanjo ni nzima." Akaenda kuita mtoto wa kwanza.

Walipobaki wawili, Chiriku aliufuta mstari wake kwenye faili. Kisha akasema na lile jingine, la kamba na la kitanda, akilia hata maneno yakikatika.

Shangazi alimvuta karibu. "Hata ungekaa, mwanangu, usingemzuia. Wakati wake ulikuwa umefika." Akamfuta machozi kwa kiganja. "Unajua kwa nini aliiunda mashine ile? Kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuusahau mlango wa friji. Alijua watu husahau. Hakutaka kumtisha mtu wala kumsuta, alitaka aliyesahau aambiwe mapema, akafunge. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Neno likikutisha, usilizibe mdomo. Lilete kwangu tulisome wote."

Chiriku aliiwasha huduma upya. Walingoja kidogo, shangazi akiwa bado amemshika bega. Huko stoo nesi alikuwa amemaliza kutoa chanjo kwenye friji na kuusukuma mlango, na skrini ikaandika:

*babu: mlango umefungwa*