Mwenzao Aliyeachwa Langoni

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kilikuwa kiangazi kikali, vumbi la Biharamulo linaingia mpaka kwenye chai, na bado kibanda cha gemu cha Ansbert kikaanza kunuka blanketi bichi. Si blanketi lolote. Ni yale ya kijivu ya msaada, yaliyonyeshewa yakakunjwa kabla hayajakauka. Aliyewahi kufika kambi ya wakimbizi haisahau harufu ile. Wateja waliziba pua wakamsingizia Danstan kwamba amevua viatu. Danstan akanyanyua mguu juu wauone: alikuwa amevaa ndala.

Watu wakacheka. Ansbert, mwenye kibanda, hakucheka.

Siku hiyo kibanda kilifurika kwa sababu ya Safari ya Upanga, sehemu ya saba, iliyoshuka asubuhi na basi la Mwanza. Vijana wetu walikuwa wameifuata hadithi hiyo tangu sehemu ya nne. Hili si gemu la mpira la kumaliza ukaenda zako. Unaumba mtu wako, unampa jina, unamkusanyia wenzake njiani, kisha mnazunguka nchi nzima pamoja, wiki hata wiki. Hata wasiojua kushika pedi ya kuchezea walikuja kukaa tu na kutazama. Danstan alikuwa amemaliza kidato cha nne, kwa hiyo yeye ndiye aliyecheza na kututafsiria Kiingereza, na kwa kazi hiyo alijiona waziri.

"Wameharibu," akatoa hukumu hata kabla hajafika mji wa kwanza. "Zamani unapiga, unasubiri adui naye apige, kistaarabu, kama bao. Hii sasa kila mtu anapiga anavyotaka. Vurugu tupu!"

"Umezeeka, wewe," mtu wa nyuma akamjibu. "Hebu ona mvua hiyo! Ona nguo zinavyolowa!"

Na kweli, mvua ya mle ilikuwa mvua. Farasi nao walikuwa wazuri. Muziki wa nyumba ya wageni ulikuwa uleule wa miaka yote, na ulipoanza watu walishangilia kana kwamba wamemwona ndugu. Lakini jipya kubwa lilikuwa hili: wenzako wa safari sasa wanakumbuka. Katika sehemu zilizopita ungeweza kumwacha mtu langoni, ukarudi baadaye ukamkuta palepale anatabasamu. Katika hii, ukimtupa mmoja, wengine wanaona, na wanaweza kukukimbia mmoja mmoja. Watu walilipenda jambo hilo. Walisema wazungu hatimaye wametumia akili.

Jipya lingine ni kwamba mashine iliisoma yenyewe kadi ya zamani, ile inayotunza kumbukumbu za mchezo. Wenzako wa sehemu ya sita wakaja na majina yao, wakajipanga kwenye kioo. Ansbert, mbeba ngao. Zita, mtibu majeraha. Suzan, mpiga mishale. Halafu wa nne, kijana mwembamba mwenye koti refu: Irakoze.

Danstan akaacha kubonyeza.

Irakoze alikuwa Mrundi wa kambi ya Lukole, kule Ngara. Alikuja huku kutafuta kibarua, akaja kutazama gemu, akabaki. Ndiye aliyeicheza sehemu ya sita mpaka mwisho, na ndiye aliyewaingiza mle Ansbert, mkewe Zita na binti yao Suzan wa darasa la kwanza, mtoto akawa anajivunia upinde wake mtaani. Kwa kuwa Ansbert ni Mhangaza wa Ngara, na Kihangaza na Kirundi ni kama shuka moja lililochanwa vipande viwili, kijana alimwita mjomba. Ansbert aliitika. Alipenda sana kuitwa mjomba na mtu anayefagia kibanda chake kila asubuhi.

Kisha ukaja msako. Mkimbizi aliyekutwa nje ya kambi bila kibali alipandishwa lori, akarudishwa Burundi. Sasa, hapa kwetu kila mtu alijua jinsi ya kumwokoa mtu: unasema ni wako. Mgambo hakuwa na njia ya kujua, maana sura ni moja na lugha ni moja. Domisiana, muuza ndizi wa mlango wa pili, hajawahi kuzaa hata mara moja na mgambo wote wanalijua hilo, lakini siku ile aliwakumbatia vijana wawili wenye ndevu akasema, "Hawa ni wanangu, mapacha." Mgambo wakacheka, wakapita.

Wakafika kwa Ansbert. Irakoze alikuwa amekimbilia mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Mzee Ansbert, huyu ni wako?"

Kibanda kilikuwa kimejaa watu. Ansbert akafikiria leseni yake. Akafikiria macho ya watu. Haya, kuogopa si dhambi, kila mtu ana siku yake ya kuogopa. Lakini neno moja tu, jamani! Akasema, "Simjui. Wanakuja wengi hapa."

Irakoze hakubisha. Alimtazama kidogo, akaondoa mkono kwenye fremu, akasema kwa adabu, "Samahani mzee, nimekosea mlango." Alimwita mzee ili asimwumbue. Lori likaondoka naye, na tangu hapo hakuna aliyepata habari zake, kama alivuka mpaka salama au la.

Sasa jina lake lilikuwa kwenye kioo, na kundi lake lilikuwa limefika lango la mji. Mlinzi wa lango akamwelekezea mkuki yule kijana wa koti. Maandishi yakatokea. Danstan akayasoma moyoni, asiyatafsiri.

"Amesema nini?" watu wakauliza.

"Anauliza..." Danstan akasogelea kioo. "Anauliza, huyu ni wenu?"

Macho yote yakageuka kwa Ansbert. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Akaona kwamba akikubali hapa, mbele ya watu, juu ya mtu wa kuchorwa, atakuwa amekiri kwamba wa kweli alimkana. Akamnyang'anya Danstan pedi. "Gemu ni gemu," akasema, na akabonyeza hapana.

Yule kijana wa koti akageuka akaenda zake mvuani. Na Suzan, mpiga mishale, akateremsha upinde wake, akamfuata. Watu waliona kwa macho yao. Harufu ya blanketi bichi ikawa nzito hata wengine wakatoka nje kutapika.

Jioni Ansbert alipofika nyumbani, Suzan alikuwa anachambua mchele ukumbini. Akainua kichwa. "Shikamoo," akasema kwa heshima zote, kisha akaita ndani, "Mama! Kuna mgeni."

Zita akatoka akicheka. "Mgeni gani? Si baba yako huyo!"

"Baba bado hajarudi," mtoto akasema. Akamsogezea Ansbert kiti cha wageni, akarudi kwenye mchele wake. Hakuwa anatania. Siku iliyofuata hakumjua, na iliyofuata vilevile. Alipomnyanyua kumbeba alilia mpaka majirani wakaja, na Ansbert akalazimika kumweka chini na kusimama pembeni ya binti yake wa kumzaa, watu wakimtazama kama mwizi.

Akaona gemu lile ndilo mkosi. Akaenda kibandani mchana, wateja hawapo, jenereta halina hata tone la mafuta, akachomoa waya wa mashine ukutani na waya wa televisheni, akaviringisha. Ndipo kioo kikawaka. Muziki wa nyumba ya wageni ukaanza, taratibu, kama unatoka chini ya maji, na kwenye lango wakaonekana wawili tu waliobaki, mbeba ngao na mtibu majeraha, wote wamempa mgongo, na mvua ikawa inanyesha, mvua ambayo sasa hakuisikia kwenye televisheni bali nyuma yake, juu ya bati la kibanda, katika jua kali la kiangazi, halafu mlango aliokuwa ameufunga kwa komeo ukagongwa kwa vidole, polepole, namna anavyogonga mtu aliyelelewa vizuri, na sauti iliyopoa ikasema kupitia kwenye mwanya, "Mjomba, nifungulie. Nimelowa."

Ansbert hakufungua. Alijibanza nyuma ya mabenchi mpaka sauti ilipoacha. Alipotoka, kizingiti kilikuwa kimelowa, na barabara nzima ilikuwa kavu.

Akapanda baiskeli mpaka Nyabusozi kwa mama Nyamizi, mganga anayetoa majini. Alimkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, pukuchua na wewe, usiniangalie tu."

Akapukuchua, akaeleza mashine, gemu, mtoto, sauti mlangoni. Habari ya msako akaipitia juujuu. Mama Nyamizi akaweka gunzi chini.

"Umeruka kitu. Rudi nyuma."

Akarudi nyuma, akasema yote, uso umeinama kwenye mahindi.

"Sawa," mama akasema. "Huyo anayegonga si yule kijana, usimsingizie. Jini ni mpita njia. Limekuta jina limetupwa mlangoni kwako, limeliokota limelivaa. Ubani nitakupa, lakini ubani peke yake utaliwasha pua tu. Jina uliokote mwenyewe. Simama palepale ulipomkana, mbele ya walewale waliosikia, lijibu."

"Nikisema peke yangu je, mama? Kwa siri?"

Mama Nyamizi akaliokota tena gunzi lake. "Ulimkana kwa siri?"

Ungedhani ameelewa. Wapi! Aibu ni bwana mkubwa, humtuma mtu ujinga wa kila namna. Ansbert alifika Biharamulo, akajifungia kibandani, akafukiza ubani, akauegemea mlango na kunong'ona, "Ni wangu. Basi, ni wangu. Ondoka." Kitu kilichokuwa upande wa pili kikacheka kwa sauti ndogo. Kwenye kioo, Zita, mtibu majeraha, akafunga mfuko wake wa dawa akaingia mvuani.

Nyumbani, Zita wa kweli alimwandalia ugali kwenye sahani ya wageni. Akamnawisha mikono. Akaketi mbali, akafunga vizuri kanga yake, akasema, "Karibu, baba. Mume wangu akija nitamwambia nani alikuja?"

Usiku huo Ansbert alilala kwenye benchi la stendi ya mabasi. Hakulala, tuseme ukweli. Alilia.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Saa sita mchana, mtaa umejaa watu wa Bisibo na Nyabusozi na mizigo yao, Ansbert akaingia kibandani, akafunga mlango, akangoja. Danstan alikuwa nje, na wateja wa siku zote, na yule mgambo aliyeuliza swali siku ya msako alikuwa kwa Domisiana anachagua ndizi, na Zita alikuwa amekuja sokoni na Suzan. Harufu ikaja. Mvua ikaanza juu ya bati, na safari hii watu wote waliisikia, wakatazama juu kwenye anga jeupe lisilo na wingu, wakaona bati la kibanda kile kimoja linachuruzika maji, na mlango ukagongwa ingawa mbele yake hapakuwa na mtu, ukagongwa tena, na sauti ambayo kila mmoja wetu aliitambua ikasema kwa upole, "Mjomba, nifungulie. Mjomba, wanakuja."

Komeo likalia. Ansbert akafungua, akasimama kizingitini.

"Ni wangu!" akapiga kelele. "Irakoze ni wangu, ni mtoto wa dada yangu! Mgambo, wewe, uliniuliza nami nikasema simjui. Nilimjua! Alikula kwangu, alilala humu. Nilimwonea haya. Niliogopa msije mkaniona mtu wa wakimbizi, nikamwacha apandishwe lori, na yeye akaniombea radhi!"

Upepo wa baridi ukampita begani ukitoka ndani, ukavuka mtaa, kuku wakatawanyika. Mvua ikakatika juu ya bati. Harufu ikaisha palepale, kibanda kikabaki kinanuka vumbi na ndizi mbivu. Mgambo akarudisha chane aliyokuwa ameishika, akaondoka ameinama. Zita akaacha kikapu kikaanguka, akashika kichwa. "Ansbert! Yesu wangu, jana nilikulisha kama mgeni."

Lakini Ansbert hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti vumbini, amenyoosha mikono kwa Suzan, na mtoto alikuwa anamtazama. Anamtazama sawasawa, usoni, baada ya siku zote zile.

"Mwanangu," akasema. "Unanijua?"

"Nakujua," Suzan akajibu. "Ni baba."

Ansbert akacheka na kulia kwa pamoja. Akangoja aje. Suzan hakuja. Midomo yake ilikuwa inacheza, macho yamejaa machozi.

"Uliniambia kaka Irakoze alirudi kwao mwenyewe," akasema. "Nilikuuliza, ukaniambia alifurahi."

Akageuka, akaenda kujificha nyuma ya sketi ya Domisiana. Ansbert akabaki amepiga magoti katikati ya soko, mikono bado imenyooshwa, hajui aiweke wapi.