Suzi Hana Kura

Kila Jumapili, akitoka kanisani, Naliaka alichota maji bombani, akafua sare yake ya shule, kisha akampelekea Suzi makombo ya ugali langoni. Suzi alikuwa mbwa wa ploti nzima. Nyumba zote tisa za ploti ile ya mtaa wa Landless, mjini Thika, zililala usingizi wa pono kwa sababu yake.

Jumapili hii Suzi alikuwa amefungwa mnyororo, watoto wake wachanga wakiwa ubavuni, na Naliaka hakuthubutu kumtazama machoni. Alhamisi Suzi alikuwa amemng'ata Byron, mtoto wa jirani mwenye miaka sita. Byron alikimbizwa hospitalini akadungwa sindano, na bado alikuwa na nyingine za kudungwa. Sasa wapangaji walikuwa wameketi uani kuamua kama Suzi auawe.

"Kila nyumba kura moja," alisema Mzee Kagwe, msimamizi wa ploti. "Nani anataka mbwa auawe?"

Baba Byron aliinua mkono kwanza. "Mimi nashinda kiwandani. Nani atanilindia mtoto? Huyo ni mnyama tu, hana haki hapa."

Mikono ikapanda. Naliaka aliihesabu: miwili, mitatu, minne. Wa tano ungemmaliza Suzi, na mama yake alikuwa ameanza kuinua wake. Naliaka akisema, atachapwa mbele ya watu wote. Asiposema, Suzi atakufa.

"Mama, usiinue!" Naliaka akapaza sauti.

"Nyamaza! Watoto hawapigi kura."

"Mwache, Mama Naliaka," Mzee Kagwe akasema. "Hana kura, lakini ana mdomo. Suzi hana hata huo. Haya, kairitu, msichana wangu, sema."

"Ni mimi," Naliaka akasema, machozi yakimtiririka. "Nilichukua mtoto wa Suzi, nikampa Byron amshike. Suzi alikuwa anataka mtoto wake. Nilipoona damu, nikatoroka."

Baba Byron alimkazia macho kwa hasira, Naliaka akajificha nyuma ya kiti cha mama yake. Kisha Baba Byron akageuka kumtazama Suzi, aliyekuwa amejikunja langoni akiwanyonyesha watoto wake.

"Hata mimi ningeng'ata," alisema hatimaye, akashusha mkono. Mingine ikashuka.

"Atabaki amefungwa mpaka daktari wa mifugo aseme ni mzima," Mzee Kagwe akaamua.

"Na wewe utampeleka Byron kila sindano," mama akamwambia Naliaka kwa ukali. "Mengine tutaongea nyumbani."

Mzee Kagwe akamwita Naliaka karibu. "Leo tulitaka kumuua mwenzetu bila kumsikiliza. Anayekaa nasi na kutulinda ni mmoja wetu, hata kama hawezi kuinua mkono. Kwa hivyo wewe uliyeona ndiwe wa kumsemea, na mapema, hata ukiogopa. Ungesema Alhamisi, hatungefika hapa."

"Ndiyo, guka," Naliaka alimjibu, akimwita babu kwa heshima.

Bado alikuwa na hofu alipobeba bakuli la makombo kwenda langoni. Lakini safari hii alimtazama Suzi machoni.