Picha ya Mkono wa Magige

Wiki hiyo nyumba ya Magige, kule Butiama, haikukauka wageni. Wote walikuja kuona mifupa.

Magige ni mkulima na mfugaji. Ng'ombe wake wa plau alimsukuma, akaangukia mkono wa kulia. Alipofika hospitali ya serikali, mashine ya eksirei ilikuwa kwenye matengenezo. Daktari akamfunga kitambaa, akamtuma kwenye kituo binafsi cha picha mjini Musoma. "Ukishapiga, rudi kwangu leo leo," alisema. Mtaalamu wa kituo akasisitiza vilevile. Lakini Magige alikuwa ameona mifupa yake mwenyewe! Furaha ikampanda kichwani, akapitiliza nyumbani.

"Robi, njoo uone," alimwambia mkewe. "Nimepigwa mionzi. Sasa nitapona."

Akaibandika picha dirishani ili mwanga upite. Jirani yao Amos alikuja asubuhi, akarudi jioni na shemeji zake. Magige akawaonyesha mfupa mmoja mmoja, kama mtu anayewatembeza wageni zizini.

Mkono ukazidi kuvimba. Vidole vikaanza kufa ganzi. Robi akaingiwa na hofu.

"Hawa ng'ombe wanajuaga mkono wako tu," alisema. "Mkono ukiharibika, tutalima na nini?"

Ndipo akapita Prudence, mhudumu wa afya wa kijiji. Akaitazama picha, kisha akautazama mkono.

"Baba Matrida, daktari alisemaje alipoiona hii?" akamuuliza Magige.

"Daktari gani tena? Si nimeshapigwa picha?"

Prudence alijizuia kucheka. "Picha haitibu, baba. Inaonyesha tu. Ona hapa, mfupa umevunjika na kupishana."

"Kwa hiyo wale wa kituo binafsi wamenidanganya?"

"Hapana, wamefanya kazi yao. Mashine ya hospitali ikiharibika, au foleni ikizidi, wao wanasaidia kupiga picha na kuisoma. Daktari aliyekutuma anasubiri majibu ili atibu. Wanafanyaga kazi pamoja. Wewe ndiye umeyaweka majibu dirishani."

Robi alikuwa ameshabandua picha. "Vaa viatu," akasema.

"Umechelewa, lakini bado tunaweza," daktari alimwambia walipofika hospitalini. Akaunyoosha mfupa, akaufunga plasta ngumu. Wiki kadhaa zilipopita akamtuma tena Musoma kupiga picha nyingine, ili ionekane kama mfupa umeunga. Safari hii Magige hakupitia hata kwa Amos. Aliingia kwa daktari akihema, akamkabidhi picha.

Daktari akaiinua kwenye mwanga. "Umeunga vizuri," akasema.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba na dhaifu. Magige akaufanyia mazoezi kila siku, kama alivyoelekezwa. Mvua zilikuwa zimeshaanza aliposhika tena plau. Ng'ombe walisita kidogo. Kisha wakaisikia ile nguvu waliyoizoea, wakavuta. Robi alisimama pembeni mwa shamba akipiga vigelegele, machozi yakimtiririka.