Yai la Harusi ya Anastazia

"Hodi hapa, mayo!"

Ketrina aliinua macho. Ilikuwa saa nne asubuhi, Tunduma, Aprili 1938. Mlangoni mwa karakana yake alisimama mwanamume asiyemjua, viatu vimejaa vumbi la ng'ambo ya mpaka, akimwita mama kwa lugha ya kwao. Alijitaja kuwa Watson, mchuuzi, akafungua kitambaa.

"Nimeambiwa wewe ndiye fundi wa mayai. Shanga moja imetoka. Nibandikie."

Ketrina alilitambua mara moja. Lilikuwa yai la bata bukini alilolipamba mwenyewe kwa harusi ya Anastazia, binti wa Jumbe Rubeni, likaibwa Jumapili kutoka kabatini humu humu. Nyuzi za dhahabu iliyotoka Galula zilikuwa zimebanduliwa, mawe mekundu pia. Mahali pake palijazwa shanga za kioo, kwa ustadi.

Kwa wizi huo Danford, msaidizi wake, alikuwa mahabusu. Ufunguo wa kabati ulikutwa mfukoni mwake. Lori la kumpeleka Mbeya lingekuja kesho yake alfajiri.

"Yai hili ni langu, liliibwa. Umelipata wapi?"

"Sokoni kwetu, kwa muuza tumbaku. Naye hakumbuki aliyemuuzia. Usinitazame hivyo, mayo. Mwizi gani humrudishia mwenyewe mali yake?"

Ketrina aliligeuza yai. Kwenye tundu la chini zikadondoka chembe za ulezi.

Alizikusanya kiganjani. Yai lililotolewa ute na kiini ni jepesi kama pumba, hukimbia vidoleni. Fundi hulijaza kitu kizito kwanza ndipo abandike, na kazi ikiisha humwaga. Yeye hutumia mchanga wa mto Momba. Aliyebandika shanga hizi aliijua kazi.

Alimwacha Watson akingoja, akaenda mahabusu.

"Dada, hata wewe umekuja kunihukumu?" Danford aliuliza, uso kwenye nondo.

"Nimekuja kuuliza. Ndani ya yai hujaza nini?"

"Mchanga. Si ulinigombeza mwenyewe nilipouchekecha vibaya?"

"Ulezi je?"

"Ulezi ni wa uji!" Danford alicheka. "Jana Marita kaniletea, mtamu kweli. Mdogo wako ana huruma."

"Na ufunguo, nani alikupa?"

Kicheko kikamwisha. "Yeye. Alisema nikutunzie, wewe uko kanisani. Sikutaka kumtaja, dada. Nilidhani atasema mwenyewe."

Ketrina alishika nondo. "Leo jioni utakula kwako. Nakuahidi."

Alimkuta Marita uani akianua nguo, ingawa zilikuwa bado mbichi. Akafungua kiganja chenye zile chembe za ulezi.

"Kuku wako siku hizi unawalisha ulezi, dada?" Marita aliuliza.

"Ulipokuwa mdogo, mchanga ulikuwa ukikuvunjia mayai. Nikakuanzishia kwa ulezi. Sijamfundisha hivyo mtu mwingine duniani."

Nguo zilimponyoka Marita.

"Nilitaka mtaji wa karakana yangu, ng'ambo," alisema. "Hapa kila yai ni la Ketrina. Hata niliyoyapamba mimi, watu wanakushukuru wewe."

"Ungeniomba."

"Ungecheka."

"Na Danford? Ulimpa ufunguo akamatwe nao, kisha ukampelekea uji. Ukakaa ukamtazama akinywa!"

Marita alilia. Alipiga magoti, akamshika dada yake miguu. "Mpaka si ule pale? Nipe usiku huu tu. Waambie alfajiri, kabla ya lori. Danford atatoka vilevile. Tumenyonya titi moja, dada."

Ketrina alitazama ng'ambo, moshi wa majiko ya watu ukipanda. Usiku mmoja. Danford asingedhurika, angelala tu sakafuni mara moja zaidi, akiamini kwamba ahadi za nyumba hii zote ni za uongo.

Alijinasua taratibu, akalichukua yai.

"Jumbe," alisema alipofika barazani, "mwizi si Danford. Ni Marita, mdogo wangu. Yuko nyumbani." Akaliweka yai mbele yake. "Yuko nyumbani, analia. Wasimfunge kamba, atakuja."

Magharibi Danford alinawa mikono kwake, ugali ukifuka mvuke. Ketrina alikataa kukaribia. Alisimama nje ya ua mpaka alipomwona akimega tonge la kwanza, kisha akashika njia kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu.