Kisima Chenye Ua wa Miiba

Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikachukua mtungi wa lita ishirini na mkanda wa kuubebea, nikashuka mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mto kwa jina tu. Huko kwetu Kola mvua ikikataa hubaki mchanga mtupu, na maji hufukuliwa chini yake. Mwaka huo wa elfu mbili mvua ilikataa kabisa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa akifanya kazi Mombasa, nami niliishi na nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tulimwita Susu. Nilipewa jina la mama yake, Nzembi, kwa hiyo yeye aliniita Mwaitu, yaani mama yangu. "Mwaitu, umekula?" "Mwaitu, njoo nikusuke." Wenzangu walinitania kwamba nina mtoto wa miaka sabini. Waache wacheke! Mimi nilijivunia sana.

Mchangani kulikuwa na visima viwili. Kimoja kilizungushiwa ua wa miiba, nacho kilikuwa cha watu. Kingine kilikuwa cha ng'ombe na punda. Kwenye kisima cha watu maji yalitoka kidogo kidogo. Unachota kata moja, kisha unangoja yajae tena, na mbele yako kuna foleni ya akina mama kumi. Kile cha mifugo kilijaa wakati wote.

Alhamisi moja niliiona foleni, nikachoka kabla ya kufika, nikageukia kisima cha mifugo. Rafiki yangu Kalondu alikuwa ameketi juu ya mtungi wake akingoja zamu.

"Nzembi, unaenda wapi? Hayo si ni ya ng'ombe?"

"Ni ya kufua nguo," nikamjibu.

Nyumbani Susu alishangaa. "Mwaitu, leo umerudi mapema. Umechota wapi?"

"Kwenye miiba, Susu. Hakukuwa na watu."

Uongo huo wa pili ulinitoka kwa urahisi kuliko ule wa kwanza. Mimi nilikunywa maji ya tangi la shule, nikamwachia Susu yale ya mtungini. Nilifanya hivyo wiki mbili.

Wiki ya tatu Susu alishindwa kuamka kukamua mbuzi. Mwili ulichemka, kichwa kikamgonga, tumbo likamsokota. Jirani yetu Mbithi alimpakia kwenye wilbaro akamsukuma hadi zahanati, nami nikatembea kando nikimkinga jua kwa leso.

Muuguzi aliitwa Onesmus. Alimpima joto, akauliza, "Susu, maji ya kunywa mnatoa wapi?"

"Kisima cha watu. Huyu ndiye huchota."

"Una hakika?"

Susu alicheka ingawa aliumwa. "Huyu ni mama yangu. Mama anaweza kumpa mtoto wake maji ya ng'ombe?"

Onesmus alinitazama. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Basi akaandika kwamba ni malaria, akatupa vidonge.

Tangu siku hiyo nilichota kwenye miiba tu, tena nikayachemsha maji. Nilidhani nimerekebisha mambo. Lakini Susu alimeza vidonge vyote na bado akazidi kudhoofika. Nikimpa uji, anatapika. Nilimpangusa, nikampepea, nikamkanda miguu, na hakuna kilichosaidia. Neno moja tu lingemsaidia, nalo nilikuwa nimelificha. Nikilisema, atajua mimi ni mtu wa namna gani. Nisiposema, atakufa. Niliogopa yote mawili, na siku nne zikapita.

Siku ya tano asubuhi alinishika mkono. "Mwaitu, niko na kiu. Nipe yale maji yako mazuri."

Nikaangua kilio. "Susu, hayakuwa mazuri! Nilichota kwa ng'ombe. Wiki mbili!"

Susu aligeuka akatazama ukuta.

Nilikimbia hadi zahanati bila viatu, nikamweleza Onesmus kila kitu. Hakunigombeza. Susu alipoletwa alimpima damu, akakuta homa ya matumbo, akambadilishia dawa na kumlaza siku kumi.

Siku Susu aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Onesmus alinivuta kando. "Maji machafu ndiyo yaliyompa ugonjwa. Lakini uongo wako ulifanya nimtibu ugonjwa asio nao. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, wakati bado tunaweza kusaidia."

Susu alipona, ila sasa aliniita Nzembi. "Nzembi, lete kiti." "Nzembi, funga mbuzi." Hakuwa na hasira. Lakini kila aliponiita hivyo niliumia, na sikujua nifanye nini ili anirudishie jina langu.

Mwezi uliofuata kisima cha watu kilikaribia kukauka. Niliketi mchangani tangu saa tisa hadi jua likaelekea kuzama, nikafika nyumbani na mtungi nusu.

"Ni nusu tu, Susu," nikasema. "Yamekwisha. Kile kingine kimejaa, lakini sikwenda."

Susu aliutikisa mtungi.

"Haya ya nusu mtungi nitayanywa bila kuogopa," akasema. "Ile mitungi iliyojaa ilikaribia kuniua. Washa moto tuyachemshe, Mwaitu."